Kufungua Kompresa ya Upepo ya Lori: Mambo ya Kuzingatia

Breki za lori hutegemea upepo unaosukumwa na kompresa. Kwa magari yanayopita barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye miinuko na miteremko mingi, kompresa iliyochoka ni hatari kwa maisha. Dalili zake ni geji kupanda polepole na mafuta ya injini kuonekana katika mitungi ya upepo.

Mmiliki ahakikishe kuwa fundi:

1. ameegesha gari mahali tambarare na kuweka vizuizi magurudumuni;
2. amesubiri injini ipoe, kisha ametoa upepo wote mitungini mpaka geji isome sifuri;
3. ameweka alama kwenye mabomba, gia na kichwa cha kompresa kabla ya kuvitenganisha;
4. amekagua silinda, pistoni, ringi na valvu, pamoja na bomba la kutolea upepo, ambalo huziba kwa masizi.

Kubadili ringi pekee ilhali silinda imelika ni kupoteza fedha. Patana bei kabla ya kazi, dai risiti na urudishiwe vipuri vya zamani. Lori lisiingie barabarani kabla breki hazijajaribiwa. Ukiuziwa kipuri bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani.