Amplifaya ya Ghali na ya Rahisi: Hisabu ya Miaka

Juma lililopita ziliwekwa juu ya meza yangu ya kazi, ubavu kwa ubavu, amplifaya mbili ambazo, laiti zingekuwa na ulimi, zisingekuwa na la kuambiana. Ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu wa Ng'ambo, aliyeinunua mkononi mwa mtu zamani za kaseti. Bati lake limechubuka rangi pembeni, na kitasa chake cha sauti, baada ya kile cha asili kupotea, ni kitasa cha jiko la umeme. Ya pili ni ya kijana ambaye ami yake aliyeko Maskat alimletea kwa ajili ya harusi: alumini nene iliyochongwa, kioo ambacho ndani yake mshale wa wati hucheza kwa kufuata muziki, na bei ambayo, kwa hisabu aliyonitajia mwenyewe, ingenunua ile ya mwalimu mara ishirini na chenji ikabaki. Maradhi ya ile kongwe yalikuwa ya uzee tu, relei imeingia kutu na kapasita nne zimefura vichwa, nami nikaiponya asubuhi moja kwa vipuri nilivyovipata Darajani. Hii ya fahari, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, iliunguza bodi ndogo ya kulishia umeme, isiyozidi kiganja cha mtoto, ambayo mtengenezaji haiuzi peke yake wala hatoi mchoro wa saketi yake. Wakala wake ameandika kwamba hakuna dawa ila kubadilisha matumbo yote, kwa bei ikaribiayo nusu ya amplifaya mpya.

"Sasa, fundi," kijana akaniuliza, "faida ya ghali ni ipi?"

Mwalimu, aliyekuwa amekuja kuchukua yake, akamjibu kabla yangu: "Mwanangu, kabla ya faida, muulize fundi kama inafunguka."

Neno hilo limenikaa kichwani, kwani kwa miaka niliyoshika bisibisi nimeona watu wenye akili timamu wakitoa fedha nyingi kwa jambo ambalo sikio halilipati, na wengine wakibania senti pale ambapo senti zile zingewapa miaka kumi ya raha.

Kazi ya amplifaya ni kupokea umeme dhaifu utokao kwenye redio, simu au sahani ya santuri, na kuufanya uwe na nguvu ya kusukuma spika, minghairi ya kuongeza wala kupunguza kitu chochote katika ule wimbo. Kuongeza nguvu ni rahisi. Kutochafua ndiko kulikowatesa wahandisi, mpaka asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, ambapo Harold Black, mhandisi wa maabara ya simu ya Bell, akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York, alijiwa na fikra ya kuirudisha sehemu ya sauti itokayo mwishoni hadi mwanzoni, imegeuzwa kinyume, ili uchafu ujifute wenyewe, akaichora hapo hapo juu ya gazeti alilokuwa akilisoma. Fikra hiyo, ilipokuja kukutanishwa na transista iliyozaliwa katika maabara hayo hayo mwaka 1947, ndiyo iliyoipa amplifaya ya mtu wa kawaida usafi ambao hapo kabla tajiri tu ndiye aliyeweza kuununua.

Na usafi huo umekwisha kupimwa mbele ya mashahidi. Mwaka 1978 kampuni ya Quad ya Uingereza ilizishindanisha amplifaya zake tatu za zama mbalimbali, moja ya valvu ya mwaka 1953 na mbili za transista, za miaka 1967 na 1975, mbele ya wasikilizaji wazoefu waliofichwa ni ipi inayopiga. Majibu yao yalipohesabiwa yalikuwa sawa na ya mtu anayerusha sarafu. Baadaye huko Marekani Richard Clark aliahidi dola 10,000 kwa yeyote atakayeweza kuzitofautisha amplifaya mbili kwa masikio yake peke yake, na wengi walijaribu, wala fedha hizo hazikuchukuliwa. Sharti lilikuwa kwamba sauti za amplifaya zote mbili zilinganishwe sawasawa na isisukumwe yoyote kupita uwezo wake. Sharti hilo ndilo linalovunjwa dukani kila siku, kwa sababu sikio la binadamu huiona sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri zaidi, na muuzaji mwerevu huhitaji kukizungusha kitasa kwa upana wa punje ya mchele tu ili amplifaya aitakayo yeye ndiyo ikupendeze.

Hapa pana watu watakaonighadhibikia, hasa wapenzi wa valvu, nami siwakatazi. Mtu hununua mlango wa nakshi, ilhali haufungi kuliko mlango wa mbao tupu. Hununua kwa sababu ni mzuri na kwa sababu atauona kila atokapo na kila aingiapo. Aliyependa mwanga wa valvu usiku na alumini iliyochongwa, na fedha anazo, ana haki yake. Ninalopinga ni kuambiwa kuwa nakshi ndiyo komeo.

Nije kwenye wati, maana humo ndimo mlimojaa hadaa. Ili sauti iongezeke desibeli 3, kiasi ambacho sikio hukiona ni kidogo, wati lazima ziwe maradufu. Na ili ionekane imekuwa kubwa mara mbili, wati zizidishwe takriban mara kumi. Spika ya kawaida itoayo desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, itatoa desibeli 100 kwa wati 16, na desibeli 100 ukumbini mwako zitamwamsha jirani yako wa pili. Kwa hiyo amplifaya ya wati 20 za kweli yatosha nyumba nyingi, na ushahidi ni NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, kazi ya mhandisi Erik Edvardsen: wati 20 kwa kila upande, uso wa plastiki usio na fahari, bei ya mtu wa mshahara, na hata leo zipo zinazopiga.

Kwa yakini wati 20 za kweli ni bidhaa adimu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee, nao hawakuwahi kuiona stika ya subwufa iliyoandikwa wati 5,000. Namba hizo hutokana na kipimo cha uongo kinachohesabu mshtuko wa nukta ya sekunde, na Marekani, ambako ulaghai huo ulikithiri zamani, ililazimika mwaka 1974 kutunga kanuni ya kuwabana wauzaji wataje nguvu ambayo amplifaya yaweza kuitoa mfululizo. Sisi tunayo kanuni iliyo rahisi zaidi, nayo imebandikwa mgongoni mwa chombo chenyewe. Juzi mama mmoja aliniletea subwufa iliyoandikwa usoni wati 3,000. Nikaigeuza, nikafuta vumbi, nikamsomesha kibati kidogo karibu na waya wa umeme: volti 230, wati 45. Hakuna chombo chini ya jua kitoacho zaidi ya kinachopokea, na katika hizo 45 nyingine huishia kuwa joto. Akacheka, akasema, "Kumbe miaka yote nilikuwa naazima jina." Ukienda dukani, basi, usisome usoni, soma mgongoni, kisha uinyanyue. Amplifaya ya mtindo wa zamani yenye nguvu ni nzito kwa sababu ya chuma na shaba ya transfoma, na hata hizi za kisasa zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, ambazo kwa haki kabisa ni nyepesi, haziwezi kukidanganya kile kibati.

Maadamu sauti si hoja, ghali na rahisi hupambanuka wapi? Aghalabu ndani ya kapasita, vile vikopo vidogo vyenye dawa ya majimaji ambayo hukauka kwa joto. Mtengenezaji huandika juu ya kikopo joto ambalo kinastahimili na saa kitakazoishi katika joto hilo, na desturi ya mafundi ni kuhesabu kwamba kila joto likipungua digrii 10 umri huongezeka maradufu. Tuseme ndani ya amplifaya yako pana digrii 65. Kapasita ya saa 2,000 iliyoandikwa digrii 85 itapata saa 8,000, nayo ukiipiga saa tano kwa siku haitimizi miaka mitano. Iliyo na saa zile zile lakini imeandikwa digrii 105 itapata saa 32,000, yaani miaka kumi na saba na nusu. Tofauti ya bei kati ya kapasita hizo mbili haizidi bei ya peremende. Mtengenezaji wa bidhaa duni huibania peremende hiyo, tena huliweka kopo lenyewe ubavuni mwa bati la kupozea, kama mtu anayetundika ndizi mbivu juu ya jiko. Fauka ya hayo, huacha kuweka relei ya ulinzi, hata transista ikifa inaondoka na spika.

Pwani yetu nayo ina mizani yake. Hewa ya chumvi hula miguu ya vipuri, mende na mijusi hutafuta joto la transfoma, na umeme wetu hukatika kwa desturi. Wenye umri wanaikumbuka Unguja ya Mei 2008, na kisha ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa majuma kwa majuma bila umeme wa kutoka bara. Ni nani katika mafundi asiyekumbuka vyombo vilivyoletwa uliporudi? Katika hali hiyo kinachoumia mapema ni kile kilichojazwa vijidude vingi: kompyuta ndogo ya kuendesha vitasa, bluetooth, kioo. Nawashauri watu wanunue amplifaya bubu, isiyojua lolote ila kukuza sauti, na kipokezi cha bluetooth wakinunue kando kwa fedha ndogo, ili siku mtindo ukibadilika atupwe mtumwa, bwana abaki.

Sasa tuweke hisabu. Mathalan amplifaya ya shilingi 150,000 iishi miaka mitatu: kila mwaka imekula 50,000, na mwisho haina hata wa kuipokea bure. Ya shilingi 600,000, yenye transista zinazopatikana na kapasita za heshima, iishi miaka ishirini kwa matengenezo mawili ya 60,000: kila mwaka 36,000, tena ukiiuza utapata kitu. Ya milioni nane, hata tukiipa miaka thelathini na tengenezo moja la laki nne, inakula 280,000 kwa mwaka. Na ikiwa ni ya ule mtindo wa joto, inayovuta wati 200 hata ikinong'ona, basi saa tano kila siku ni yuniti 365 za umeme kwa mwaka. Kwa hiyo rahisi ya kupindukia ni ghali kuliko ya wastani, na ghali ya kupindukia haina hoja ya iktisadi isipokuwa kwa mwenye spika kaidi, zile za omu 4 na kushuka, au mwenye kupiga uwanjani. Fedha iliyobaki itiwe kwenye spika, ambako sikio la mtoto litajua tofauti.

Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kongwe iliyotunzwa: ya miaka ya sabini au themanini, ya transista zilizotengana moja moja na si zile zilizofungwa pamoja ndani ya kipande kimoja cheusi, ambacho siku hizi ukikitafuta sokoni unauziwa ghushi. Ughushi huo umezifikia hata transista za kawaida. Nimepasua moja iliyoandikwa jina kubwa la Kijapani, nikaikuta punje yake ya silikoni ni ndogo kama mbegu ya ufuta, wakati ya kweli ni kama nusu ya ukucha. Kwa sababu hiyo mwambie fundi wako akurudishie kila kipuri alichokitoa, na akuonyeshe alichokitia.

Mwalimu alichukua yake Ijumaa. Ya kijana ingali rafuni kwangu, nami nimo katika kuichora saketi ile kwa mkono, waya kwa waya, kutoka kwenye bodi iliyoungua. Nikifaulu itapiga, nisipofaulu ami atapigiwa simu. Wewe msomaji, kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji akufungulie kifuniko, na akikataa, nenda duka la pili. Na ukishafika nayo nyumbani, tafadhali, usiifunike kitambaa cha kufuma: yale matundu ya juu ndiyo pua yake.