Majiko ya Mbagala Yaingia Katika Simu za Wateja

Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kupangiwa maeneo mengine, mama mmoja jirani wa msikiti wetu, huku Mbagala, alipakia masufuria yake katika mkokoteni na kuyahamishia uchochoroni, nyuma ya nyumba za wapangaji. Kwa miaka tisa alikuwa akipika kando ya Barabara ya Kilwa. Madereva wa daladala walimjua, mafundi gereji walimjua, na mchana sufuria lake la pilau lilipokea kilo kumi za mchele. Uchochoroni kilo zikawa nne, kisha tatu. Hakuna mteja aliyegombana naye wala aliyechoshwa na mkono wake. Hawakujua tu amekwenda wapi.

Mama huyu ni mjane mwenye watoto wanne, na ametuomba tusimtaje jina. Alikuja kwenye kamati ya msikiti kutaka msaada wa kodi ya chumba. Kamati kama yetu imezoea maombi ya namna hiyo, kama ilivyozoea kushughulikia tanki la maji, bati linalovuja na sanda ya maiti asiye na ndugu. Tulitoa tulichoweza. Lakini kijana mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri ufunguo wa darasa la madrasa alisema neno ambalo tuliondoka nalo: kwamba mama huyu hahitaji sadaka ya kila mwezi, anahitaji kuonekana tena na watu wale wale waliokuwa wakimtafuta.

Huo ndio mwanzo wa huduma tuliyoizindua Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa madrasa, baada ya Swala ya Alasiri, kwa majiko saba ya Mbagala na Chamazi. Vijana wetu watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wanawatengenezea mama lishe na wenye migahawa midogo kurasa za mtandaoni zinazosomeka vizuri katika simu. Tunaeleza hapa jinsi kazi hii ilivyoanza, pamoja na yale tuliyokosea, kwa sababu tunajua misikiti mingine ya Temeke na Kinondoni ina vijana wenye ujuzi huo huo wanaokaa barazani bila kazi.

Kabla ya sisi kuanza, mwenye mgahawa mmoja wa maeneo haya alikwisha kulipa fedha nyingi ili atengenezewe tovuti. Alionyeshwa kazi katika kompyuta kubwa, akaridhika, akalipa. Aliporudi nyumbani na kuifungua katika simu yake, maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, na orodha ya vyakula ilikuwa faili zito ambalo mteja alitakiwa kulipakua kwanza, kisha alivute kwa vidole viwili kulia na kushoto ndipo aone bei ya chapati. Hayo angeweza kuyavumilia. Baada ya mwaka mmoja tovuti ilitoweka, na alipofuatilia akaambiwa kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la mtengenezaji, ambaye simu yake haikupatikana tena. Mwenye mgahawa alikuwa amejenga nyumba katika kiwanja cha mtu bila kujua.

Suala la kurasa kusomeka katika simu si geni duniani. Mei 2010 mbunifu wa Kimarekani, Ethan Marcotte, aliandika makala katika jarida la A List Apart akifafanua namna ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo kinachoutazama, iwe kompyuta ya mezani au simu ya mkononi. Aprili 2015 kampuni ya Google ikaanza kuzipa nafasi ya juu kurasa zinazosomeka vizuri katika simu pale mtu anapotafuta jambo kwa simu. Kwa mji kama wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Fundi wa Mbagala hana kompyuta nyumbani. Ana simu iliyopasuka kioo na bando la siku moja, na ukurasa ukichelewa kufunguka ataufunga aende kwa muuza chipsi aliye mbele ya macho yake.

Kwa hiyo vijana wetu walijiwekea kanuni chache. Picha iliyopigwa kwa simu za siku hizi huweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi. Wao huipunguza mpaka ibaki sehemu ndogo sana ya uzito huo kabla ya kuiweka. Bei huandikwa kama maandishi ya kawaida ili ibadilishwe mara mchele unapopanda. Namba ya simu huwekwa juu kabisa, na mteja akiigusa simu yake inapiga. Na kwa kuwa wako wazee wetu wanaotumia kitochi na hawataki kusikia habari ya mtandao, namba hiyo hiyo imechorwa ukutani mwa kila jiko kwa rangi. Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ilipopata hitilafu na mtandao ukazorota nchini kwa siku kadhaa, hata wenye simu janja walibaki na sauti tu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumweleza mteja mahali jiko lilipo. Atakayesema ni jambo jepesi hajawahi kumwelekeza dereva wa bodaboda kwa simu: shuka Zakhem, uliza kwa mangi, pita msikiti wa pili si wa kwanza, ukiona mwembe umepita. Hapa tulifaidika na kazi ya wengine. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, hasa ile inayokumbwa na mafuriko, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Kisha mwaka 2022 ikaja operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba na njia zikapewa majina. Wengi wetu tuliona vibao vile vikipigiliwa tukavisahau. Kumbe mama lishe wa uchochoroni ana anwani kamili, na haijui. Vijana walikwenda jiko kwa jiko, wakasoma namba za nyumba, wakaweka alama katika ramani.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusiwaunganishe akina mama hawa na kampuni kubwa za kuagiza chakula, jambo likaisha. Hatuna ugomvi na kampuni hizo. Lakini Jumia, iliyokuwa na huduma ya chakula pia, ilifunga shughuli zake hapa Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa 2023 ikaifunga huduma ya chakula katika nchi zilizobakia, Kenya na Uganda zikiwemo. Kampuni inapoondoka, huondoka na mlango ambao wateja walikuwa wakiupitia. Kwetu, jina la tovuti husajiliwa kwa jina la mwenye jiko, chini ya .co.tz, na nywila hukabidhiwa kwake ikiwa imeandikwa katika karatasi. Akitaka kesho kumhamia fundi mwingine, ana ruhusa.

Katika kamati mjadala mrefu haukuhusu kompyuta, ulihusu fedha na mkataba. Mzee wetu mmoja alikataa, na alikuwa na haki, fedha za wakfu wa msikiti zisiguswe, kwa kuwa waliozitoa waliziwekea sharti la ujenzi. Mkopo wa benki wenye riba haukujadiliwa hata kidogo. Hatimaye wajumbe sita walitoa mkopo mwema, kila mmoja kwa uwezo wake, ili vijana wapate kompyuta mpakato moja iliyotumika na gharama za mwaka wa kwanza.

Likabaki swali la aina ya mkataba. Mtu anayeagiza tovuti ananunua kitu ambacho bado hakipo. Wengi wetu huku pwani tumesomeshwa fiqhi ya Kishafii, ambayo haiukubali mkataba wa kutengenezewa kitu, yaani istisnaa, ila kwa masharti ya salam, bei yote ikalipwa mwanzo. Mama lishe atatoa wapi bei yote mwanzo? Na yule mwenye mgahawa tuliyemtaja, si alilipa yote mwanzo? Wahanafi walilipanua jambo hili tangu zamani, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliipitisha istisnaa kuwa mkataba unaosimama wenyewe, bei ikiwezekana kulipwa kwa awamu, mradi kitu kielezwe sifa zake na muda wa kukabidhiwa ujulikane. Tukaifuata hiyo. Makubaliano yetu ni ukurasa mmoja wa karatasi, kwa Kiswahili: kurasa ngapi, picha ngapi, siku ngapi, nani analipia jina mwaka wa pili. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikishana madeni. Tunaisoma kila Ramadhani, kisha tunakopeshana kwa maneno matupu.

Picha nazo zilitupa somo. Kijana mmoja, kwa nia njema, aliweka katika ukurasa wa jiko moja picha ya biriani aliyoikuta mtandaoni, imepambwa kwa korosho na zabibu kavu. Mwenye jiko alifurahi mno. Sisi tulikumbuka kisa kilichopokewa na Imamu Muslim, cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini, na mwenye rundo akajitetea kwa mvua. Picha ya biriani ya watu wengine ni sehemu kavu ya juu ya rundo. Tuliiondoa siku ile ile. Sasa kila picha hupigwa jikoni hapo hapo, sahani ile ile anayopewa mteja, hata kama ni ya plastiki na ina ufa.

Neno "halali" lilituletea taabu zaidi. Kila mwenye jiko alitaka liandikwe kwa herufi kubwa. Tukasema kamati ya msikiti haina maabara wala wakaguzi, na hatuwezi kuthibitisha tusichokiona. Kwa hiyo kila ukurasa unaeleza nyama hununuliwa bucha gani, na kuku wamechinjwa na nani, maelezo ambayo mteja anaweza kuyafuatilia mwenyewe. Katika majiko saba, mawili ni ya majirani zetu Wakristo, wauza maharage, samaki na ndizi. Wapo waliouliza kwa nini. Tuliwajibu kwamba wale ni majirani, na kwamba mafundi wetu Waislamu hula kwao kila siku bila kutuuliza sisi.

Tungependa kuishia hapo, lakini ipo siku ya sahani arobaini. Wiki ya tatu ya majaribio, ukurasa wa yule mama mjane ulipokea oda ya pilau ya sahani arobaini kwa ajili ya walima, siku ya Jumapili. Fomu ilikuwa na jina na namba ya simu, na vijana wetu waliipitisha kwa furaha kuliko tahadhari. Mama alikopa mchele dukani, akanunua nyama, akaamka saa tisa usiku. Saa saba mchana hakuna aliyetokea, na namba ile haikupatikana. Watoto wa madrasa walikula pilau siku ile mpaka wakashindwa. Mama hakupiga kelele. Alituma binti yake na ujumbe kwamba tuuondoe ukurasa wake, na kwamba yeye alikuwa maskini lakini hakuwa na deni.

Tulikaa kikao usiku huo. Wapo waliosema biashara ina hasara na kila mtu abebe yake. Lakini fomu ile tuliibuni sisi, na yeye alituamini kwa sababu ya jina la msikiti. Tukalipa deni la dukani lote na nusu ya bei ya nyama. Nusu nyingine aliikataa, akasema hiyo ni ajali yake. Fomu tukaifuta. Sasa oda yoyote inayozidi sahani tano hupitia simu ya mdomo, na nusu ya fedha hutangulizwa kwa Lipa Namba kabla jiko halijawashwa. Namba za wateja hazikusanywi tena wala hazikai kwetu, jambo ambalo pia linatuepusha na makosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ilichukua zaidi ya mwezi mama yule kurudi. Alikuja na masharti yake. Bintiye wa kidato cha tatu ndiye abadilishe bei, si vijana wetu, na kwa hiyo binti huyo akafundishwa na yule dada wa kikundi, jioni tatu, katika simu ya mama yake. Siku ya uzinduzi tulimwona binti akiwaonyesha akina mama wengine namna ya kuficha chakula kilichokwisha ili mteja asitoke Mtoni Kijichi kufuata kisichokuwepo. Sufuria la mama limefika kilo saba. Baadhi ya wanaokuja ni madereva wale wa zamani. Mmoja alimwambia kwamba alidhani amekwisha kufa.

Mwenye jiko anayetaka kuandikishwa aje katika darasa la madrasa Jumamosi baada ya Alasiri, na daftari la bei zake na simu anayotumia mwenyewe. Kinachotengenezwa hujaribiwa katika simu hiyo kwanza. Mikahawa inayouza pombe hatutaihudumia, na tunaomba isituombe. Kamati za misikiti mingine zinazohitaji nakala ya ule mkataba wa ukurasa mmoja zitapewa bila malipo. Sahani ile ya arobaini tumeiandika humo katika kifungu cha nne.