Punje ya Kakao Mbele ya Taa

Mnunuzi wa kakao wa Beni, mashariki mwa Kongo, haliamini gunia kwa kulitazama nje. Huchota punje juu, katikati na chini, huzipasua kwa kisu, au kwa kile kibao chenye wembe kinachokata punje 50 kwa pigo moja, kisha huinamia kutazama ndani. Punje ya kahawia yenye mianya imevundikwa ikaiva. Ya zambarau ilitolewa mapema kwenye sanduku la kuvundikia. Ya kijivu, iliyobana bila ufa, haikuvundikwa kabisa. Kanuni ya biashara ya dunia ni kukata punje 300 na kuzihesabu namna hiyo, na bei husimama juu ya hesabu hiyo. Huo ni upimaji wa rangi, na kwa sehemu kubwa unafaa. Kasoro yake ni kwamba chombo ni jicho, na jicho hufuata mwanga uliopo.

Mwanga wetu hautulii. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, juu milimani, na katika siku moja utapata wingu zito la asubuhi linaloleta mwanga wa kibuluu, jua kali la saa sita, kisha ule unjano wa saa kumi na moja jioni. Tandika juu ya meza turubai la buluu, kama yale yaliyojaa mkoani kwetu tangu miaka ya vita, na kila punje iliyo chini yake imebadilika kabla hujaigusa. Muuzaji anasema kahawia, mnunuzi anasema zambarau, na wote wawili wanasema kweli ya walichokiona. Ongeza uchovu wa gunia la arobaini.

Rangi haikai ndani ya kitu peke yake. Huzaliwa pale mambo matatu yanapokutana: mwanga unaoangaza, kitu kinachoumeza kiasi na kuurudisha kiasi, na jicho linalopokea kilichorudi. Chombo cha kupimia hufunga mawili kati ya hayo ili lisalie moja. Taa yake haibadiliki. Nafasi ya jicho huchukuliwa na vihisi vinavyogawa mwanga uliorudi kipande kwa kipande, kuanzia urujuani wa nanomita 400 hivi hadi wekundu wa 700. Kisha hesabu hufanywa kwa kufuata jicho la wastani lililokubaliwa mwaka 1931 na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE. Wastani huo ulitokana na majaribio ya Wright na Guild huko Uingereza, yaliyotumia macho ya watu 17 tu. Nikiwaza kwamba kahawa ya Lubero inaweza kukataliwa kwa kipimo kilichojengwa juu ya macho ya Waingereza 17 hucheka kidogo, lakini wastani huo umehimili kazi kwa karibu karne nzima.

Mwaka 1976 tume hiyo hiyo ilitoa namba tatu ambazo viwanda vingi vinazitumia hadi leo. L ni kiasi cha mwangaza wa rangi, kuanzia 0 ya weusi hadi 100 ya weupe. Ya pili, a, hutoka kijani kwenda wekundu, na b hutoka buluu kwenda manjano. Umbali kati ya rangi mbili huandikwa kwa namba moja. Ukiwa karibu na 1, jicho zuri linaanza tu kushuku. Ukifika 5, hata mpita njia ataona.

Namba hizo zinaweza kupimwa kwa kugusa kitu au bila kukigusa. Kwa nini basi tupime bila kugusa? Vyombo vya mkononi vya kawaida hutaka kubandikwa juu ya kitu, na kuna vitu visivyobandikika. Chukua papaini, ambayo kampuni ya ENRA ya Beni imejulikana kwayo. Papai bichi huchanjwa, utomvu hutoka mweupe kama maziwa, hukaushwa na kusagwa. Ukichelewa, ukipata joto kupita kiasi au ukigusana na chuma, huingia ukahawia, na mara nyingi nguvu yake ya kumeng'enya protini hushuka pamoja na weupe. Rangi hapo inasema jambo la maana. Lakini poda hiyo huganda kwenye kioo cha chombo, nacho kikishachafuka kinajipima chenyewe. Kahawa inayotoka kwenye kikaango ni moto, na sabuni au rangi ya ukuta ingali mbichi. Kitu kinachopita kwenye ukanda wa kiwanda hakisimami kungoja mtu.

Chombo kisichogusa huning'inizwa juu ya ukanda, kinamulika kutoka juu na kusoma kinachorudi. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo. Rundo la kahawa likipanda sentimita moja kuelekea taa, mashine itadhani kahawa imekuwa nyeupe zaidi, na mkaangaji ataongeza moto bila sababu. Vyombo vizuri hupima umbali na kusahihisha, au huwa na lenzi zilizopangwa ili kupanda na kushuka kidogo kusiathiri. Mwenye fedha chache aweke ubao wa kusawazisha rundo kabla halijafika chini ya taa. Ubao huo ni wa bei ya fundi seremala, na mara nyingi unafanya kazi kubwa kuliko lenzi.

Kuna mng'ao pia. Punje iliyokaangwa sana hutoa mafuta, na mafuta hurudisha taa moja kwa moja bila kubeba rangi ya punje. Ndiyo maana taa huelekezwa kwa nyuzi 45 na kihisi kikatazama wima, mng'ao ukapita pembeni. Mwanga wa dirishani nao ni mgeni asiyealikwa. Taa ya chombo huwaka na kuzimika haraka, na kile kinachosomwa ikiwa imezimwa kinatolewa kwenye hesabu. Mwisho, kila zamu ianze kwa kigae cheupe cha kulinganishia. Kigae kikiwa na vumbi, siku nzima imeharibika na hakuna atakayejua.

Mashine za kuchambua kahawa ni jamaa wa vyombo hivi, ila wengi huzichanganya. Mashine ya kuchambua haipimi rangi kwa maana kamili. Inauliza swali moja: punje hii iko ndani ya mpaka au nje? Punje iliyoanguka nusu mita imefikia mwendo wa mita 3 hivi kwa sekunde. Pua ya hewa ikiwa sentimita 6 chini ya kamera, uamuzi na pumzi ya hewa vina sehemu 2 za mia za sekunde. Mashine za zamani ziliweka nyuma ya punje kibao chenye rangi ya punje njema, ili iliyo njema ipotee machoni pa kihisi na iliyo mbovu ijitokeze. Hila hiyo ni nzuri mno.

Sasa mipaka. Kamera haioni ndani ya kakao. Ganda la nje la punje ya zambarau laweza kupendeza kabisa. Katika maeneo ambako mkulima anahofia kulala shambani kwa sababu ya waasi wa ADF, na hivyo hawezi kukaa siku 5 au 6 akigeuza masanduku, swali ni nini kimetokea ndani, na hapo wembe bado ni mwalimu. Kahawa ya Maziwa Makuu nayo ina ile ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na kunguni wa antestia, na punje yake inaweza kufanana na nyingine zote. Wamama wanaochambua mezani huokoa baadhi kwa kuona tundu au doa la mdudu. Ladha yenyewe hawaioni, wala mashine haiioni.

Upande wa kahawa iliyokaangwa mambo ni mepesi zaidi, na hapo ndipo ningewashauri wakaangaji wadogo wa Butembo waanzie. Kipimo cha Agtron hutumia mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu, usioonekana, na ngazi yake ya vibao 8 huenda kutoka 25 ya mkaango mweusi hadi 95 ya mweupe. Pima punje nzima, kisha isage upime tena. Namba mbili zikiachana sana, moto ulikimbilia ganda ukaacha moyo.

Kwa depo ya kakao, sanduku lililofungwa lenye taa ya kulingana na mchana, lililopakwa kijivu ndani, litamaliza ugomvi mwingi kwa fedha kidogo kuliko mashine yoyote, mradi jenereta isiyumbishe taa.

Na kwa chama cha ushirika kinachotaka mashine ya kuchambua kahawa kabla haijavuka mpaka wa Kasindi kwenda Mombasa: usikubali maonyesho kwa kahawa ya muuzaji wa mashine. Peleka magunia yako mwenyewe, ya mavuno mawili tofauti. Punje zikishapita, usianze na zilizopokelewa. Chota kilo moja ya zilizotupwa, imwage mezani mbele ya wamama, wazihesabu zilizo njema. Hizo ndizo utakazolipia kila siku, juu ya bei ya mashine.