Kinyama jichoni: tusikae nacho nyumbani

Tulipopita nyumba kwa nyumba, wengi walituambia: "Hiki ni kinyama cha jua tu, kitaisha chenyewe." Mara nyingi ni kinyama cha kawaida kweli. Lakini mara ingine ni kansa, na ukitazama tu huwezi kuvitofautisha. Hata muganga anahitaji maabara.

Kansa hii inaota juu ya jicho, pale weupe unapokutana na weusi. Inaweza kuwa nyeupe, nyekundu au na doa la kahawia. Ikiachwa inakula jicho mpaka litolewe, na ikiingia ndani zaidi inaua.

Kwa nini sisi? Jua la Afrika Mashariki ni kali, na hapa Rubavu tuko juu, karibu mita 1,500. Tena wenye virusi vya Sida wanaipata zaidi, hata vijana. Muganga akikuomba kupima damu, usione haya. Anataka kukusaidia.

Dawa ya kwanza ni kupasuliwa: kinyama kinakatwa na kupelekwa maabara. Shida ni kwamba kinapenda kurudi. Huko Kenya, kuanzia 2012 hadi 2014, Dkt. Stephen Gichuhi na wenzake walichukua wagonjwa 98 waliopasuliwa. Nusu walipewa matone ya fluorouracil, dawa ya kansa, mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Nusu walipewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, kansa ilirudi kwa watu 5 kati ya 47 waliotumia dawa, na kwa 17 kati ya 47 wale wengine. Matokeo yalitangazwa 2016. Nchi zingine kuna wagonjwa wanaotibiwa kwa matone peke yake, bila kisu.

Matone haya yanazuia chembe za kansa kuzaana. Yanawasha, jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi, ila dozi ikiisha hayo hupungua. Si dawa ya kununua sokoni wala ya kuazimana na jirani. Mama mwenye mimba amwambie muganga kwanza.

Basi tufanye hivi:

- Kinyama kikikua, kikibadilika rangi au kikitoka damu, twende kituo cha afya, watatuandikia karatasi ya hospitali.
- Tusitie jichoni maziwa, mkojo wala maji ya majani.
- Watoto wavae kofia juani, na sisi wakubwa pia tukienda shamba au soko.
- Aliyepasuliwa arudi siku aliyopangiwa, hata kama hasikii uchungu.

Ndugu zetu, kinyama kikiwa kidogo, kazi ya muganga ni ndogo. Tukingoja, tunampa kazi ya kutoa jicho. Mwenye kinyama jichoni asingoje mwezi ujao, aende wiki hii.