Somo la Redio: Sinema za Waviking, na Jinsi ya Kuzitazama

Natumaini kila mmoja amekaa mahali pake, na daftari na kalamu viko tayari. Somo la leo tunalitoa hasa kwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima walioko Kanazi, wilayani Ngara. Neno likikupita, usihangaike. Yote ninayosema yamepigwa chapa katika karatasi hii, nawe utayasoma tena pole pole.

Leo tutazungumza juu ya sinema. Katika mabanda ya video, na siku hizi hata katika simu, utaona watu wenye ndevu ndefu, mashoka mikononi, wakishuka kwa kelele kutoka katika merikebu. Hao huitwa Waviking. Nataka kukueleza sinema zipi juu yao ni bora, na namna ya kuzitazama usidanganyike. Maana sinema ya mashujaa wa kale ni kama shahidi barazani: husema kweli, kisha akatia chumvi, na mwenye kusikiliza ndiye apambanuaye.

Waviking walikuwa nani? Walitoka kaskazini ya Ulaya, katika nchi ambazo leo ni Norwe, Uswidi na Denmark. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, wakaua watu na kupora mali. Tangu mwaka huo hata mwaka 1066, waliogopwa katika pwani nyingi za Ulaya. Lakini sikiliza vizuri. Wengi wa watu wale walikuwa wakulima na wafugaji kama wewe. Walilima shayiri, walifuga ng'ombe, na vijana wao wengine ndio waliosafiri baharini kuteka nyara. Tena walikuwa wafanyi biashara. Waliuza manyoya ya wanyama, na, jambo baya, waliuza watumwa. Fedha za Waarabu zimefukuliwa kwa maelfu katika ardhi ya Uswidi.

Kitu kimoja walikuwa mafundi wake kweli: merikebu. Mwaka 1880 ilifukuliwa merikebu moja katika kaburi la mkubwa mmoja huko Gokstad, Norwe. Urefu wake ni yapata meta 23, na ina nafasi za makasia 32. Mbao zake zimepandana kidogo, ubao juu ya ubao, na kukazwa kwa misumari ya chuma. Ilikuwa nyepesi, haikuzama sana majini, kwa hiyo iliweza kuvuka bahari kuu na pia kuingia mitoni. Mafundi wetu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na njia nyingine: mtepe wao ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja.

Sasa ile kofia yenye pembe mbili. Umeiona katika picha nyingi, sivyo? Basi Waviking hawakuivaa vitani. Kofia ya chuma ya Kiviking iliyoonekana Gjermundbu, Norwe, mwaka 1943, haina pembe hata kidogo. Pembe hizo zilienea kwa sababu ya mchezo wa kuimba wa Richard Wagner ulioonyeshwa Ujerumani mwaka 1876. Mtu aliyebuni mavazi ya wachezaji aliona pembe zinapendeza, akazitia. Ninyi wa Ngara mnafahamu pembe ndefu za ng'ombe wa kienyeji kuliko huyo bwana. Je, nani angekwenda vitani na kitu kichwani ambacho adui anaweza kukishika?

Tuje kwenye sinema zenyewe. Ya kwanza ni The Vikings, ya mwaka 1958. Mchezaji mkuu ni Kirk Douglas. Hadithi yake imejaa chumvi, na mchezaji aliyefanywa baba wa Kirk Douglas alikuwa mdogo kwake kwa umri! Lakini itazame kwa ajili ya merikebu. Sehemu zake zilipigwa Norwe kwenyewe, na merikebu zilijengwa kwa kufuata ile ya Gokstad. Utaona Kirk Douglas akitembea juu ya makasia yaliyonyoshwa nje ya merikebu, akiruka kutoka kasia hadi kasia. Aliyafanya hayo mwenyewe, na hadithi za kale za Norwe zasema kwamba Mfalme Olaf Tryggvason alikuwa na ustadi huo.

Ya pili ni The Northman, ya mwaka 2022. Hii haifai watoto, maana ina damu nyingi. Lakini kwa ukweli wa nyumba, nguo na ibada, naiweka mbele ya nyingine zote. Waliotengeneza walishauriana na wataalamu wa mambo ya kale. Tena haifichi aibu. Kijiji kinavamiwa, wasio na nguvu wanachomwa moto ndani ya nyumba, wenye nguvu wanauzwa utumwani. Sinema nyingi za mashujaa hukwepa kuonyesha ni nani aliyelipa gharama ya ushujaa ule.

Ya tatu ndiyo niipendayo mimi: The 13th Warrior, ya mwaka 1999. Mtu mkuu ndani yake si Mviking. Ni Ahmad ibn Fadlan, Mwarabu, naye aliishi kweli. Mwaka 921 alitoka Baghdad katika ujumbe wa Khalifa, na mwaka 922 alifika mto Volga. Huko alikutana na watu wa kaskazini, akaandika aliyoyaona: sura zao, uchafu wao wa kunawa wote katika bakuli moja, na mazishi ya mkubwa wao aliyechomwa moto pamoja na merikebu yake. Hayo ni kweli. Lakini vita vyake katika sinema hiyo, vya kupigana na watu waliovaa ngozi za dubu, vimebuniwa, na mavazi ya vita yamechanganywa ya karne mbalimbali.

Kwa nini basi naipenda? Kwa sababu ya jambo dogo ambalo mwanafunzi wa kisomo atalielewa upesi. Jemadari wa Waviking anamwuliza Ahmad kama anaweza kuchora maneno. Ahmad anaandika mchangani, kisha anasoma. Jemadari anatazama kimya. Baadaye naye anayachora maneno yale yale, mtu mzima mwenye upanga, akijaribu herufi zake za kwanza. Mwishoni, akikaribia kufa, anatamani mtu ayaandike matendo yake. Naye Ahmad anayaandika.

Pengine wauliza: mambo haya ya Ulaya yanatuhusu nini sisi wa Ngara? Nitakuambia. Sisi pia jirani zetu walipigwa picha wakafanywa mashujaa wa sinema.

Mwaka 1950 Wamarekani walitoa sinema iitwayo King Solomon's Mines. Ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo, na pia Astrida huko Rwanda, mji ambao leo unaitwa Huye. Kutoka Ngara si mbali. Ilisifiwa sana, ikapata tuzo mbili za Oscar, moja kwa ajili ya uzuri wa picha zake. Ndani yake wamo wachezaji ngoma wa Rwanda, warefu, wamevaa nywele za nyuzi kichwani kama simba, mikuki mikononi. Hao ni Intore, maana yake waliochaguliwa. Walikuwa vijana waliolelewa katika nyumba ya mfalme, wakifundishwa kucheza, kughani na kupigana. Mchezo wao katika sinema ile ni wa kweli, na mpaka leo ni furaha kuutazama.

Lakini hadithi iliyowazunguka si yao. Ilitoka katika kitabu cha Mwingereza H. Rider Haggard cha mwaka 1885, juu ya taifa alilolibuni huko kusini ya Afrika. Ngoma ya kweli ikavikwa hadithi ya uongo. Mwaka 1959 picha hizo hizo zilitumiwa tena katika sinema nyingine, nayo ikaitwa Watusi. Mtazamaji wa Ulaya au Marekani alitoka akiamini kwamba ameona taifa la ajabu, la watu warefu wasiofanana na Waafrika wenzao.

Na fikira hiyo ilikuwa ya zamani. Mwingereza John Speke, aliyefika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliandika kwamba watawala wa nchi hizi walitoka mbali, upande wa Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi. Wakoloni waliishika fikira hiyo, wakaitia katika shule na katika vitambulisho. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda aliisema hadharani kwa chuki, kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilipita chini ya daraja la Rusumo. Wazee wa Ngara hawahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Sinema haikuua mtu. Lakini ilikuwa imeirudia hadithi ile ile kwa rangi nzuri, na watu wengi wakaizoea.

Watu wa Norwe nao waliyaonja. Norwe ilipotawaliwa na Ujerumani ya Hitler, toka 1940 hata 1945, matangazo ya kuwaita vijana jeshini yalichorwa merikebu za Kiviking, na kikosi kimoja kiliitwa Wiking. Waliambiwa kwamba wao ni damu bora. Mkulima wa shayiri wa mwaka 900 angelishangaa.

Basi utazamapo sinema ya namna hii, jiulize maswali matatu. Hadithi hii kaiandika nani? Nguo na silaha zimetoka wapi? Na watu wanaoonyeshwa wangesemaje juu yao wenyewe? Usimsahau na yule mtafsiri wa banda la video, anayesema Kiswahili juu ya picha. Huyo naye huongeza yake, tena mengi, na mara nyingine ni matamu kuliko sinema.

Sasa kazi ya wiki hii. Kwanza, soma kwa sauti maneno haya: merikebu, kasia, mtepe, nyara, shahidi, chumvi. Pili, nenda kwa mzee mmoja wa kijijini kwako, umwulize vijana wa zamani walivaa nini na walishika silaha gani walipoitwa na mtawala wao. Andika mistari mitano kwa maneno yake mwenyewe, usiongeze kitu. Mwalimu wenu atachagua mmoja asome mbele ya darasa, na mzee akiweza kuja, aalikwe kusikiliza, aseme mmekosea wapi.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.