Pikipiki ya mkono wa pili: uiangalie ingali baridi



Wengi wenu mnaijua pikipiki ya kwanza ya kikundi chetu, kwa sababu ilikaa miezi mingi nyuma ya nyumba ya mama mwenye sanduku, kuku wakilala juu yake. Wengine mlicheka. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi na mimi ndiye niliyeandika zile pesa katika daftari, basi acheni niseme mwenyewe namna tulivyoingia shimoni.

Ilikuwa mwisho wa mzunguko wa AVEC. Badala ya kugawana yote, tulipatana kila mama aache sehemu ya hisa zake, tununue pikipiki ya kupeleka mchele, mawese na mihogo Kindu, na usiku imkimbize mama mwenye uchungu hospitalini. Tulitumwa watu wawili. Tulifika Alunguli, tukavuka Lualaba kwa pirogi, na saa nane mchana muuzaji akatuonyesha pikipiki nyekundu inayong'aa, rangi mpya, kiti kipya. Aliipiga teke moja tu, ikawaka. Tulitazamana, tukatabasamu, tukalipa.

Wiki ya tatu ilianza kutoa moshi wa bluu. Wiki ya sita ilikuwa inakunywa mafuta ya moteri kama mtoto anayekunywa uji. Wiki ya kumi ilikwama kilimani na magunia mawili. Mekanisie alipoifungua alikuta segma zimekwisha na silinda imekwaruzika. Kuitengeneza kuliomba karibu nusu ya bei tuliyonunulia.

Katika walioacha hisa, mama mmoja alikuwa anangojea pesa ile kwa minervali ya binti yake. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari mzazi analipa. Binti huyo nilikuwa nimemfundisha mwaka wa sita. Mwaka ule alikaa nyumbani. Nilikuwa ninakutana naye kisimani, na kila mara alinisalimia kwa heshima, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Kabla sijaendelea: wapo wanaouliza kwa nini hatukutafuta gari ndogo, Toyota Corolla kwa mfano, maana gari linabeba watu na mizigo pamoja. Ni gari la nguvu, sikatai. Lakini tumbo lake liko karibu sentimeta 15 tu kutoka chini, na ninyi mnaijua barabara yetu wakati wa mvua, na madaraja ya magogo. Gari lina mipira minne ya kubadilisha, lina radiata, na likikwama porini huwezi kulisukuma wewe na mtoto. Siku barabara itakapotengenezwa tutazungumza tena.

Mara ya pili tulienda tofauti. Tulimwambia muuzaji tutakuja saa kumi na mbili asubuhi, na asiiwashe kabla hatujafika. Wa kwanza alikubali, lakini tulipoweka mkono karibu na moteri tulisikia joto. Tulimwaga, tukaondoka. Moteri iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imeshapata joto. Asubuhi, ikiwa baridi, ndipo inapokohoa na kuonyesha ugonjwa wake. Ile nyekundu tuliiona saa nane, imeshawashwa mara ngapi sijui.

Kabla ya kuwasha, sukuma ile teke kwa mkono, polepole. Haihitaji nguvu za mwanaume. Moteri nzima itakukataza kidogo, utasikia kitu kinakusukuma nyuma. Ikishuka laini kama mkono ndani ya maji, mgandamizo umepungua, na segma au vali zina shida.

Kisha iwashwe, na wewe simama nyuma, si mbele. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ukipotea baada ya muda mfupi ni unyevu tu. Moshi mweusi ni esansi nyingi kupita hewa: mara nyingi ni filtri ya hewa iliyojaa vumbi au karburata, na hiyo ni kazi ya pesa ndogo. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua ndani. Huo ndio uliotula sisi. Ukiuona, usianze kubishana bei, rudi nyumbani.

Kuna ujanja hapa. Wengine wanamwaga mafuta mazito sana ndani ya moteri ili ifiche moshi na kelele kwa siku chache. Omba wafungue kizibo, chovya kijiti, paka kwenye kidole. Mafuta meusi si kosa, yanaonyesha tu kwamba vidanji imechelewa. Lakini yakiwa mazito kama asali, jiulize kwa nini. Na ukiona chembe zinazometameta ndani yake, hicho ni chuma cha moteri kinachosagika. Mekanisie akikubali kutoa buji, iangalie nayo: ncha yenye rangi ya biskuti ni nzuri, ncha nyeusi yenye mafuta mabichi inaleta tena habari ya segma.

Namba ya kilometa usiihesabu. Waya wake unakatika au unakatwa. Angalia mpira wa kukanyagia, pedali ya breki na vishikio vya mikono. Pikipiki inayosema imetembea kidogo huku chuma cha pedali kimelika hadi kung'aa inasema uongo.

Kadre ndiyo inayonitisha zaidi kuliko moteri, kwa sababu moteri ikifa unashuka, lakini kadre ikivunjika mnaanguka. Hapa kwetu pikipiki hubeba magunia, mbuzi, mabidoni ya mawese na abiria wawili juu yake. Pitisha vidole chini ya kiti na pale kibebeo cha mizigo kinaposhikana na kadre. Tafuta mistari ya kuchomelea na rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Simama mbele, funga jicho moja: gurudumu la mbele na la nyuma yawe katika mstari mmoja. Mtu ainue sehemu ya mbele, wewe zungusha usukani. Ukikwama katikati au ukigonga-gonga, bolbearing zimekwisha. Sheni nayo: meno ya gurudumu lake yakiwa yamepinda na kuchongoka kama msumeno, utabadilisha sheni na magurudumu yake yote mawili pamoja. Sheni mpya juu ya meno ya zamani haidumu.

Mwisho, panda kilima watu wawili. Kama moteri inalia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, diski za ambreyaji zimelika.

Mtasema, si tuna mekanisie? Ndiyo, hata mara ya kwanza tulikuwa naye. Ila baadaye tulijua muuzaji ndiye aliyempa komisyo. Sasa tunamlipa sisi, kabla ya kuondoka, na tunamlipa hata kama hatununui. Mtu anayepata pesa siku mnaponunua tu ataona kila pikipiki ni nzima. Tunamuuliza pia swali moja: vipande vya pikipiki hii vinapatikana Kindu sokoni? TVS na Boxer ya Bajaj, zote za India, zina wateja wengi huku mashariki, kwa hiyo vipande vyake ni rahisi kuona, ingawa bandia navyo ni vingi. Pikipiki nzuri ya jina lisilojulikana inaweza kulala wiki tatu ikingoja kipande kimoja kidogo.

Kuhusu karatasi: namba iliyogongwa kwenye kadre na ile ya moteri zisomwe kwa macho yenu na zilinganishwe na karte rozi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa ni ya wizi, msiguse. Mkataba wa kuuza uandikwe, na jina la mnunuzi liwe la kikundi au la mama mwenyewe. Wapo wanaotuambia mama aliyeolewa hawezi kutia saini bila ruhusa ya mume. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha Kanuni ya Familia na kuiondoa ruhusa hiyo. Mzungumze nyumbani, ndiyo, kwa amani, lakini saini yako ni saini.

Sasa hesabu, maana mimi ni mwalimu. Huu ni mfano wa ubaoni, bei za kweli muulize sokoni. Tuseme pikipiki imenunuliwa franka 1 800 000, na motari analeta franka 10 000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 240 000. Kila mtu kikundini alipiga makofi hapo: miezi saba na nusu, pesa imerudi! Lakini toeni vidanji mbili, 30 000. Wekeni 50 000 pembeni kwa mipira, sheni na breki, kwa sababu vitakwisha tu. Toeni siku nne za mvua na garaji, 40 000. Inabaki 120 000, nusu kamili, na ile miezi saba na nusu imekuwa kumi na tano. Hapo sijahesabu esansi mbaya ya Kadafi wa barabarani, iliyochanganywa na petroli ya taa, wala polisi wa rulaji.

Tulikataa pikipiki mbili. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa uso, kiti kimechanika, taa moja imefungwa kwa waya, lakini teke yake ilikataza mkono na moshi haukuwapo. Tulibishana bei kwa kuonyesha sheni na mipira iliyokwisha, muuzaji akapunguza, na kile alichopunguza tulinunulia sheni na mipira siku ileile. Ile nyekundu tuliiuza vipande vipande. Pesa yake ya kwanza ilienda kwa mama wa yule binti. Amerudi shuleni, nyuma ya wenzake mwaka mmoja.

Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, tunaenda na wamama wa kikundi cha jirani kuangalia pikipiki wanayotaka kununua. Anayetaka kujifunza aje na daftari na kitambaa cha kupangusia mikono.