Fedha za Serikali Hugawanywa Lini, na Mwananchi Aseme Lini?

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Karani yeyote ajua hivyo, lakini si watu wengi wajuao kwamba fedha za mwaka huo hugawanywa miezi mingi kabla haujaanza. Mkulima wa Kamukuywa anayengoja mwezi wa Juni ndipo aende barazani kuomba daraja au bomba la maji amefanana na mtu aliyefika sokoni wakati wachuuzi wanafunga mizigo. Haja yake yaweza kuwa ya kweli kabisa, naye asipate kitu.

Zamani mwananchi hakuulizwa neno. Mabaraza ya Wenyeji yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1924 yalikuwa na makadirio yao ya mapato na matumizi, lakini mwenyekiti alikuwa D.C., na watu walijua zaidi habari za kutoa kodi kuliko habari za matumizi yake. Hata baada ya Uhuru wa 1963 bajeti iliendelea kuwa siri ya Hazina. Siku moja ya mwezi wa Juni Waziri wa Fedha aliingia Bungeni na mkoba wake, na watu mijini na mashambani wakakaa karibu na redio kusikia kama bei ya sukari au ya mafuta ya taa imepanda. Walipokwisha kusikia, shughuli yao ilikwisha.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mambo hayo. Kifungu cha 201 chasema kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 221 chaagiza makadirio ya Serikali ya Taifa yafike Bungeni si chini ya miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujaisha, na kamati ya Bunge iwasikilize wananchi kabla ya kutoa shauri lake. Tena kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, hupewa fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokwisha kukaguliwa, nazo hufanya bajeti zao wenyewe.

Kamukuywa ni wadi ya Kaunti ya Bungoma, na huko ndiko mambo mengi ya watu wake huamuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka siku za kazi hiyo. Kufika tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka ujao lazima uwe umefikishwa katika Bunge la Kaunti, na daraja lisiloandikwa humo ni shida kuliingiza baadaye. Kufika tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, nao ndio ukatao mafungu: maji kiasi hiki, afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Baada ya hapo atakaye kuongeza fungu moja sharti apunguze jingine. Makadirio kamili hupelekwa kufika tarehe 30 Aprili, na kabla ya Juni kwisha hupitishwa. Basi wakati wa kusema kwa faida ni tangu Agosti mpaka Februari, ambao kwa bahati mbaya ndio wakati wa kuvuna mahindi na kutayarisha shamba, mkulima asipokuwa na nafasi.

Yafaa pia kujua ombi lipelekwe wapi. Barabara kuu ya lami itokayo Kitale, ikapita Kamukuywa kwenda Webuye, ni ya Serikali ya Taifa, na shule za msingi na polisi kadhalika. Zahanati, masoko, maji ya vijijini, shule za chekechea na barabara ndogo ni kazi ya kaunti. Mtu asimamaye katika mkutano wa kaunti kudai walimu wa shule ya msingi hupigiwa makofi, na ombi lake huishia katika makofi hayo. Lililo bora ni kutaja jambo moja, mahali pake, na watu watakaofaidika, kisha kuliandika na kuweka nakala.

Hata hivyo si haki kumlaumu mwananchi peke yake. Mara nyingi mikutano hutangazwa siku chache tu kabla, na vitabu vya makadirio ni vinene, tena kwa Kiingereza. Mahakama imekwisha kuonyesha kwamba kuwaita watu kwa jina tu hakutoshi: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitangua Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mwaka 2024 Mswada wa Fedha, ambao ni habari ya kodi wala si ya matumizi, ulifika mwisho wa Juni watu wakiwa wamejaa hasira. Watu walikufa katika maandamano ya tarehe 25, na kesho yake Rais akasema kwamba hatautia sahihi.

Bajeti ikiisha kupitishwa, kazi ya mwananchi bado ipo. Watu wa Bungoma hawana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mwaka 2015 nchi nzima ilisikia habari za wilbaro kumi zilizonunuliwa na kaunti yao, ambazo bei ya kila moja iliandikwa Shs. 109,320/-. Habari hizo zilijulikana wilbaro zikiwa zimekwisha kununuliwa. Ili mambo ya namna hiyo yaonekane mapema, sheria yaitaka kaunti itoe taarifa ya matumizi kila miezi mitatu. Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake fedha haziwezi kutolewa katika mfuko wa kaunti, naye hutangaza taarifa zake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufuata baada ya mwaka kwisha. Atakaye kujua zahanati ya kijiji chake iliwekewa kiasi gani, na kiasi gani kimetumika, aweza kuandika barua kwa ofisi ya kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaagiza ajibiwe ndani ya siku 21.